Theluji Mbele ya Mlango: Namna ya Kuchunguza na Kupiga Picha Maumbile ya Majira ya Baridi Mlimani

Mtu anayekaa mlimani katika majira ya baridi ana nafasi ambayo mgeni wa siku mbili hawezi kuipata, kwa sababu anaweza kuitazama sehemu ileile ya ardhi asubuhi na jioni, siku ya theluji mpya na siku ya barafu ngumu, mpaka mabadiliko madogo ambayo mpita njia hayaoni yaanze kumdhihirikia. Ushauri unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo, na mfano wake umechukuliwa katika safu ya Green Mountains iliyomo katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako Mount Mansfield, wenye kimo cha mita 1,339, ndio mlima mrefu kuliko yote ya jimbo hilo, na ambako theluji ya miinukoni huweza kulala ardhini tangu Desemba hadi Aprili. Bondeni, katika miji ya Burlington na Winooski, wamo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, ambao watoto wao wanakua wakiijua theluji kuliko wazazi wao. Kwao elimu hii ina manufaa ya pekee, kwani miezi inayowafungia watu ndani hupungua uzito pale mtu anapojua kuna nini cha kutazamwa nje.

Kanuni ya kwanza, ambayo wapiga picha wengi huipuuza kwa kutamani vilele vya mbali, ni kupunguza eneo. Inatosha kuchagua njia fupi inayoweza kuzungukwa kwa nusu saa, yenye ua, mti mmoja mkubwa, kijito na ukingo wa msitu, kisha kuipitia kila siku hata pale inapoonekana kuwa haina jipya. Ushahidi wa nguvu ya kanuni hii unapatikana Vermont kwenyewe. Wilson Bentley, mkulima aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, karibu na Mount Mansfield, hakuwa na shahada wala maabara. Alikuwa na hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo mno, na kamera kubwa ya kizamani yenye mvukuto. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, alifaulu kuviunganisha vyombo hivyo viwili na kupata picha ya fuwele moja ya theluji, na mpaka alipofariki mwezi Desemba 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000 za aina hiyo, karibu zote katika shamba la familia yake. Zaidi ya 2,400 kati ya hizo zilichapishwa mwaka uleule wa kifo chake katika kitabu kiitwacho Snow Crystals, alichokiandaa pamoja na mwanafizikia William Humphreys.

Njia ya Bentley bado inafaa kufuatwa, kwa kuwa ilitegemea uvumilivu na baridi zaidi ya vyombo. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akaikagua haraka, akainyanyua fuwele aliyoichagua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo na kuibana taratibu kwa unyoya, yote hayo katika kibanda kisicho na moto na huku akizuia pumzi yake isiiyeyushe. Mtazamaji wa leo anaweza kutumia kipande cha kitambaa cheusi cha sufu na simu iliyobandikwa lenzi ndogo ya kukuzia, ambayo huuzwa kwa bei nafuu na kubanwa juu ya lenzi ya simu yenyewe. Kitambaa kitangulizwe nje kwa muda mrefu hadi kipoe kabisa, kwa sababu kitambaa kilichotoka ndani ya nyumba huiharibu fuwele mara inapotua; simu ishikwe sambamba na uso wa fuwele, kwani katika ukuzaji wa namna hii kina cha umakinifu, yaani umbali ambao ndani yake vitu huonekana bila ukungu, ni sehemu ya milimita tu; na mwanga utoke ubavuni ili kingo za barafu zing'ae juu ya weusi wa kitambaa. Picha zipigwe nyingi kwa mfululizo, maana hata mkono uliotulia hutikisika, na katika picha nyingi huenda moja au mbili tu zikawa kali.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na katika barafu mpangilio huo ni wa pembesita, ndiyo maana theluji huota pande sita. Mvuke wa maji uliomo winguni hauwi maji kwanza, bali hujishikiza moja kwa moja kwenye barafu inayokua. Mwanafizikia wa Japani, Ukichiro Nakaya, ambaye mwaka 1936 alitengeneza fuwele ya theluji katika maabara yake huko Hokkaido kwa kuiotesha kwenye unywele wa sungura, alionyesha kwamba umbo hutegemea joto na unyevu wa hewa ambamo fuwele inakua: karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi huota visahani vyembamba, karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huota sindano na nguzo, na karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa mwingi, huota nyota zenye matawi. Kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa kivulini nje ya nyumba ni chombo cha kazi sawasawa na kamera, ingawa mtazamaji akumbuke kwamba joto la mlangoni si lazima liwe joto la wingu lililozaa theluji hiyo.

Nyota ya matawi ikitua juu ya kitambaa huwa na upana wa milimita chache tu. Katikati yake pana kisahani kidogo chenye pembe sita. Kila pembe imetoa mkono mmoja, na kila mkono umeotesha matawi madogo yaliyoinama kwa nyuzi 60, mara nyingi yakikaribiana kimo na matawi ya mikono mingine kwa sababu mikono yote imepitia hali zilezile za hewa kwa pamoja. Ncha zilizo kali ndizo hutangulia kupotea, kwani barafu hugeuka kuwa mvuke hata bila kuyeyuka, na baada ya dakika chache nyota iliyokuwa na ncha za sindano huwa imeviringika. Anayetaka umbo kamili hana budi kuitazama theluji inapoanguka, si iliyokwisha kulala. Na theluji nzuri kwa kazi hii ni ile inayoshuka polepole bila upepo, kwa kuwa upepo huzigonganisha fuwele na kuzivunja kabla hazijafika chini. Kuhusu uhariri, Bentley alikuwa akikwangua utando wa negativu kuizunguka fuwele ili usuli uwe mweusi, na baadhi ya wanasayansi wa zama zake walimlaumu kwa hilo. Fundisho lililo wazi ni kwamba kuisafisha picha si kosa mradi mwenye picha aseme alichokifanya. Kosa ni kuiongezea fuwele mkono ambao haikuwa nao.

Mandhari pana ya theluji ina tatizo lake. Kamera haijui kwamba iko mbele ya theluji, kwa sababu kipimamwanga chake kimeundwa kwa dhana kwamba mandhari ya kawaida, mwanga na kivuli vikijumlishwa, hukaribia kijivu cha wastani. Ikikutana na uwanja mweupe hudhania kuwa mwanga umezidi, huupunguza, na theluji hutoka ya kijivu. Dawa yake ni kuiagiza kamera iongeze mwanga kwa hatua moja hadi mbili, ambapo hatua moja ni kuuzidisha mwanga maradufu, na katika simu jambo hilo hufanywa kwa kugusa kioo mahali penye theluji na kukisukuma juu kialama cha jua kinachojitokeza. Hata hivyo nyongeza isifike mahali ambapo theluji inakuwa karatasi tupu isiyo na vijimawimbi wala chembe. Rangi ya buluu inayoonekana katika vivuli vya theluji si kasoro ya kamera: kivuli hicho hakipati mwanga wa jua bali kinaangazwa na anga, na anga ni ya buluu, hivyo anayeifuta kabisa kwa kuhariri anaondoa jambo la kweli.

Mwanga wenyewe ni mfupi lakini ni mwema. Burlington iko karibu na latitudo ya nyuzi 44.5 kaskazini, na mnamo Desemba 21 jua la adhuhuri hupanda nyuzi 22 tu juu ya upeo wa macho, huku mchana mzima ukiwa chini ya saa tisa. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba mwanga wa kulala ubavuni, ambao karibu na ikweta hupatikana kwa muda mfupi asubuhi na jioni, hapa hudumu sehemu kubwa ya mchana, na mashimo na matuta yote ya theluji huonekana kwa vivuli vyake. Siku za baridi kali zenye mawingu membamba mtazamaji aangalie pia pande mbili za jua, kwa umbali wa nyuzi 22 hivi, ambako fuwele za umbo la kisahani zinazoelea angani huupinda mwanga na kutokeza madoa mawili angavu yenye wekundu upande wa jua. Jua lenyewe lifichwe nyuma ya shina la mti au pembe ya nyumba, kwa usalama wa macho kwanza na wa picha baadaye.

Alama za nyayo zinastahili muda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu wanyama wengi wa milima hii hutembea usiku na theluji ndiyo hutoa habari zao. Kosa la kawaida ni kuitazama alama moja, ilhali habari imo katika mpangilio wa mwendo. Sungura wa theluji, anayebadilika kutoka rangi ya kahawia hadi nyeupe kwa kuongozwa na ufupi wa mchana, anaporuka huikanyagisha miguu ya nyuma mbele ya ile ya mbele, hivyo alama mbili kubwa ndizo zinazoonyesha upande aliokwenda, na asiyejua hilo humfuata kwa kurudi alikotoka. Kindi naye huruka vivyo hivyo, ila alama za miguu yake ya mbele hukaa ubavu kwa ubavu, wakati za sungura kwa kawaida hukaa moja nyuma ya nyingine, na mara nyingi njia ya kindi huanzia na kuishia kwenye shina la mti. Mbweha mwekundu huutua mguu wa nyuma katika shimo la mguu wa mbele, na alama zake huonekana kama mstari mmoja ulionyooka, ilhali kicheche huacha jozi baada ya jozi. Pengine mtazamaji atakuta njia nyembamba ya panya inayokatika ghafla mahali pasipo na shimo, na pande zote mbili za mwisho wake pamechorwa mistari myembamba iliyopanuka: hayo ni manyoya ya mabawa ya bundi au kipanga, na hapo picha ipigwe kwanza kwa ujumla wake, kisha kwa karibu, bila kukanyaga. Picha ya alama ipigwe kutoka juu moja kwa moja, kando yake pakiwa pamewekwa rula au kitu kinachojulikana ukubwa, kwani bila kipimo alama ya mbwa wa jirani na ya mnyama wa porini huweza kufanana.

Panya huyo hakuwa na haja ya kutembea juu ya theluji siku zote. Theluji iliyorundikana kwa kina cha kutosha ina hewa nyingi iliyonaswa, nayo huizuia ardhi isipoteze joto lake, kiasi kwamba hewa ya juu ikifikia nyuzi 25 chini ya sifuri, udongo ulio chini huweza kubaki karibu na sifuri. Katika nafasi hiyo kati ya ardhi na theluji panya na virukanjia hupitisha baridi nzima wakila na kuchimba njia, na ndege wa msituni wa jamii ya kware hujitumbukiza katika theluji laini ili alale humo. Ndiyo sababu mtazamaji anashauriwa kupita njia moja ileile badala ya kutapanya nyayo zake uwanja mzima, kwani theluji iliyoshindiliwa hupoteza hewa hiyo, na wanaoishi chini yake hupoteza kinga.

Msomaji anayekaa karibu na Mlima Kenya au Kilimanjaro hana majira ya namna hii, kwa kuwa karibu na ikweta tofauti ya joto kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi, lakini anaweza kuufuata ushauri huu kwa kipimo cha usiku mmoja. Katika nyanda za juu, kwenye kimo cha mita 4,000 hivi, sindano za barafu huchomoza kutoka udongoni usiku na kuinua chembe za mchanga, na lobelia kubwa hufunga majani yake kulizunguka chipukizi lisigande. Picha za mambo hayo zipigwe kabla jua halijafika mahali penyewe, kwa kuwa sindano hizo huanguka asubuhi ileile.

Kuhusu ndege wa Vermont, anayefaa kuchunguzwa kwanza ni chikadii, ndege mwenye uzito wa gramu 11 hivi na kofia nyeusi kichwani, ambaye hahami. Usiku hulishusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili asitumie mafuta mengi, na mchana huficha mbegu moja moja katika magome na kukumbuka alikozificha. Mbegu nyeusi za alizeti humvuta yeye pamoja na gogota na ndege wengine. Chombo cha kulishia kitundikwe ama chini ya mita moja kutoka dirishani, ambapo ndege hana nafasi ya kushika kasi, ama zaidi ya mita tisa, kwani umbali wa katikati ndio huua wengi wanaogonga kioo. Mamlaka ya wanyamapori ya Vermont hushauri ndege walishwe kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 tu, kwa sababu nje ya muda huo dubu weusi wako macho, na dubu aliyezoea chakula cha nyumbani mara nyingi huishia kuuawa. Kulungu wasilishwe kamwe, na sheria ya jimbo inakataza. Wakati theluji ni nene kulungu hukusanyika chini ya misonobari na miti mingine ya jamii hiyo, mahali ambapo theluji ni haba, nao huishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini. Kila wanapokimbizwa na mtu mwenye kamera hutumia akiba ambayo hawawezi kuirudisha kabla ya majani ya masika. Kulungu akiinua kichwa na kukaza masikio, mpiga picha ameshakaribia mno na anapaswa kurudi nyuma.

Vyombo na mwili navyo vinahitaji tahadhari. Betri hupoteza nguvu katika baridi kwa kuwa mmenyuko wa kikemikali ndani yake hupungua kasi, hivyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na kifua. Kamera isiingizwe ndani ikiwa wazi, maana mvuke wa hewa ya nyumbani hugandamana juu ya lenzi na ndani yake. Itiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vyema ikiwa bado nje, na isifunguliwe hadi ipate joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua saa mbili. Nguo za pamba hazifai kuvaliwa karibu na ngozi, kwani zikilowa jasho hazikauki na humpoza mvaaji. Barafu ya ziwa isikanyagwe kabla haijathibitika kuwa na unene usiopungua sentimita 10 za barafu safi na ngumu, na miteremko mikali ya njia ya mlimani iitwayo Smugglers' Notch, ambayo barabara yake hufungwa kwa magari majira yote ya baridi, iachwe kwa wanaojua maporomoko ya theluji.

Picha isiyo na tarehe hupoteza nusu ya thamani yake. Kila jioni paandikwe katika daftari tarehe, saa, joto, upepo, kina cha theluji kilichopimwa kwa fimbo iliyosimikwa mahali pamoja, na viumbe vilivyoonekana, hata siku ambayo hakikuonekana chochote, kwa sababu kutokuonekana nako ni habari. Daftari la namna hiyo likiendelezwa mwaka hadi mwaka huonyesha lini kijito kiliganda, lini ndege wa kaskazini walifika na lini theluji ilianza kuondoka, mambo ambayo picha peke yake haiwezi kuyasema.

Kwa anayetaka kuanza pamoja na wengine, kila Februari hufanyika hesabu ya ndege wa nyuani iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Cornell Lab of Ornithology pamoja na National Audubon Society. Hudumu siku nne, hushirikisha watu wa dunia nzima, haina malipo, na kinachotakiwa ni kuwahesabu ndege kwa muda usiopungua dakika 15 mahali popote na kuituma hesabu hiyo. Wazazi wa Winooski na Burlington, na wenzao wa kila mji wenye theluji, wanahimizwa kukaa dirishani na watoto wao siku hizo, wawahesabu chikadii, na waziandike idadi zao pamoja na majina ya ndege kwa lugha zote zinazosemwa nyumbani.